Ziwa la Starehe na Kichocho: Somo kutoka Bwawa la Pampulha

Mgonjwa anayefika zahanati akiwa na homa, kikohozi kikavu na mwasho wa ngozi huulizwa mambo mengi: alianza kuumwa lini, ametumia dawa gani, analala ndani ya chandarua au la. Swali moja husahaulika mara kwa mara, nalo ni kama katika wiki chache zilizopita aliogelea mahali popote. Kusahaulika kwake kuna sababu. Kichocho kimezoeleka kuwa ugonjwa wa mvuvi, wa mkulima wa mpunga na wa mtoto anayetumwa kuchota maji. Si rahisi kumfikiria kijana wa mjini aliyekwenda kupumzika mwishoni mwa wiki kando ya bwawa lenye viti na miavuli. Historia ya ziwa moja la Brazil, lililopatikana kwa kujenga tuta la udongo na kupambwa ili watu wastarehe, inaonyesha jinsi mazoea hayo yanavyoweza kumpoteza mgonjwa na hata tabibu wake.

Tuta na ziwa lake

Belo Horizonte ni makao makuu ya jimbo la Minas Gerais, mamia ya kilomita kutoka baharini. Katika miaka ya 1930 uongozi wa jiji hilo ulijenga tuta la udongo kukinga kijito cha Pampulha. Likilinganishwa na kuta za mabwawa ya kuzalisha umeme, tuta hilo lilikuwa dogo. Kimo chake hakikufika mita 20. Maji yaliyokusanyika yalikusudiwa kusaidia mahitaji ya jiji na kupunguza mafuriko, lakini starehe ndiyo iliyolipatia ziwa umaarufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 meya wa jiji, Juscelino Kubitschek, alimwita msanifu majengo kijana, Oscar Niemeyer, naye akasanifu kandokando ya maji kasino, klabu ya mashua, ukumbi wa dansi na kanisa dogo la Mtakatifu Fransisko wa Asizi lenye paa lililopindwa kama mawimbi. Bustani zilipangwa na Roberto Burle Marx, na michoro ya kanisa ikafanywa na Candido Portinari. Mwaka 2016 UNESCO iliyaingiza majengo hayo na mandhari yake katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kubitschek, ambaye baadaye alikuwa rais wa Brazil kuanzia 1956 hadi 1961, alikuwa daktari aliyebobea katika magonjwa ya njia ya mkojo. Jambo hilo lina uzito wake katika somo hili, kwa kuwa bingwa wa fani hiyo angefanya kazi Mwanza au Cairo angekutana na kichocho cha kibofu karibu kila siku. Nchini Brazil hakukutana nacho, na sababu yake itaelezwa punde.

Aprili 1954 tuta lilivunjika. Upande wake uliotazama maji ulikuwa umefunikwa kwa zege. Maji yalipopata njia katika nyufa, yakapenya hadi kwenye udongo wa ndani na kuanza kuuchukua kidogo kidogo. Uvujaji ulionekana siku kadhaa kabla, jitihada za kuuziba hazikufaulu, na hatimaye ziwa likamwagika bondeni hadi kwenye uwanja wa ndege uliokuwa chini yake. Tuta lilijengwa upya, na kabla ya muongo huo kwisha ziwa lilikuwa limejaa tena.

Kwa anayeishi chini ya lambo, kisa hicho kina funzo la moja kwa moja. Tuta la udongo huweza kupitisha unyevu kidogo bila madhara. Ishara ya hatari ni pale maji yanayotoka upande wa nyuma yanapobadilika kuwa ya tope, kwa maana tope hilo ni tuta lenyewe linaloondoka kutoka ndani. Mashimo ya panya na mchwa, mizizi ya miti mikubwa iliyoachwa kuota juu ya tuta, na njia za ng'ombe zinazolimomonyoa huharakisha mambo. Mei 2018 bwawa la shamba huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilivunjika usiku na kuua watu zaidi ya 40. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeona maji ya tope nyuma ya tuta, au ufa mpya juu yake, anapaswa kutoa taarifa kwa ofisi ya kijiji na kwa wataalamu wa maji siku hiyohiyo.

Tuta la Pampulha liliponywa. Tatizo lililobaki ziwani lilikuwa dogo mno kwa macho.

Mnyoo aliyevuka bahari

Katika miongo iliyofuata kujengwa kwa ziwa, konokono wanaobeba kichocho walithibitishwa kuwamo Pampulha, na sifa ya ziwa kama mahali pa kuogelea ikafifia. Kichocho chenyewe hakikuwa kigeni katika jimbo lile. Mnyoo anayehusika, Schistosoma mansoni, ndiye anayewaathiri watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria. Asili yake ni Afrika. Alifika Amerika ndani ya miili ya Waafrika waliosafirishwa utumwani. Tafiti za vinasaba vya mnyoo huyo zinaafikiana na historia hiyo. Mwaka 1908 daktari Pirajá da Silva, akifanya kazi Bahia, alieleza mayai yenye mwiba ubavuni aliyoyaona katika kinyesi cha mgonjwa, na tangu hapo ugonjwa huo ukawa na nafasi yake katika tiba ya Brazil.

Watu waliosafirishwa walibeba pia Schistosoma haematobium, mnyoo wa kichocho cha mkojo. Huyo hakupata makazi. Mnyoo wa kichocho hawezi kutoka kwa mtu mmoja na kumwingia mwingine bila kupitia kwa konokono wa aina yake maalumu: S. haematobium humhitaji konokono wa jenasi Bulinus, na S. mansoni humhitaji wa jenasi Biomphalaria. Amerika ya Kusini haikuwa na Bulinus wa kumfaa, hivyo mayai yaliyofika majini yakapotea bure na ugonjwa ukaishia kwa waliokuja nao. Biomphalaria, kwa upande wake, walikuwa wamejaa tele. Tafiti za vinasaba zinaonyesha kwamba konokono wa jenasi hiyo walianzia Amerika na kufika Afrika zamani sana, kabla ya kuwapo kwa binadamu wa leo. Mnyoo wa Afrika alipotua Brazil alikutana na ndugu wa wenyeji wake wa zamani.

Habari hiyo ya kale ina matumizi ya leo. Katika malambo mengi ya bara nchini Tanzania, mbali na mwambao wa ziwa kubwa, Bulinus ndiye anayeonekana zaidi, na kwa hiyo wahudumu wa huko hutarajia damu katika mkojo. Kandokando ya Ziwa Viktoria Biomphalaria ndiye mwenye nguvu, na dalili hutafutwa tumboni. Kumjua konokono wa eneo ni kujua sampuli ipi ya kumwomba mgonjwa, mkojo au kinyesi. Mahali palipo na konokono wote wawili, huombwa zote mbili.

Kuna safari nyingine iliyokwenda kinyume. Gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini wenye maua ya zambarau, lilisumbua Pampulha kwa miaka mingi kwa kufunika uso wa maji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mmea huohuo ulionekana katika Ziwa Viktoria, na kinachofuata kinajulikana na kila mvuvi wa Mwanza, Kisumu na Entebbe. Chini ya majani yake konokono wa kichocho hupata kivuli, chakula na mahali pa kutagia.

Kwa nini maji yaliyotulia

Mto unaokwenda kasi huwasomba konokono. Tuta linapokinga kijito, maji hupoa, joto lake huongezeka, matope yenye rutuba hutua, na mimea huota katika ukingo wenye kina kifupi. Ukingo huohuo ndio mahali pa watoto kuchezea, akina mama kufulia na wageni kutumbukiza miguu huku wakizungumza. Konokono na mtu hupendelea sehemu moja ya ziwa.

Kinachokamilisha mzunguko ni kinyesi au mkojo wenye mayai. Yai likigusa maji baridi hupasuka na kutoa kiumbe kidogo kinachoogelea kumtafuta konokono, na muda wake wa kumpata ni saa chache tu. Kikimpata, huzaliana ndani yake kwa wiki 4 hadi 6 hivi, kisha konokono huanza kutoa lava wenye mkia uliogawanyika. Konokono mmoja huweza kutoa maelfu ya lava, na kuendelea hivyo kwa wiki nyingi. Kwa hiyo mtu mmoja anayejisaidia kichakani juu ya bwawa, mvua ikaosha, anatosha kuliweka bwawa zima katika hatari hata kama wengine wote wana vyoo.

Lava hutoka zaidi wakati jua likiwa kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana kwa kadiri. Ndiyo saa watu wanayoipenda kwa kuogelea. Wakigusa ngozi huipenya kwa dakika chache, bila kuhitaji jeraha wala kumezwa. Wengine huhisi mwasho au huona vipele vidogo jioni ile, wengi hawahisi lolote. Kujifuta kwa nguvu kwa taulo mara baada ya maji kurukia mwilini kunaweza kupunguza idadi ya lava wanaoingia, lakini haifai kuhesabiwa kuwa kinga. Maji yaliyotekwa na kuhifadhiwa katika chombo kisicho na konokono kwa siku mbili huwa salama kwa kuogea, kwa kuwa lava huwa wamekufa. Maji yaliyochemshwa huwa salama pia.

Bwawa la kuogelea la hoteli linaweza kudanganya. Katika maeneo ya mapumziko ya vijijini huko Minas Gerais, wageni kutoka mijini wamewahi kuugua kichocho kikali kwa makundi baada ya kuogelea katika vidimbwi vilivyojengwa kwa saruji lakini vikijazwa maji ya kijito yasiyotiwa klorini. Vigae vya buluu havimzuii lava aliyeletwa na bomba.

Mgeni na mwenyeji hawaugui sawasawa

Hapa ndipo wahudumu wengi hupotea njia. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa lenye kichocho huambukizwa tangu utotoni, na mwili wake hukutana na mnyoo huyo mara nyingi. Ugonjwa wake ni wa polepole: maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, kuhara, pengine damu kidogo katika kinyesi, uchovu, mtoto asiyekua vizuri na asiyefuata masomo. Minyoo wenyewe hukaa kwa jozi, dume na jike, katika mishipa ya damu inayotoka kwenye utumbo, na huishi kwa miaka. Jike hutaga mayai mamia kwa siku. Sehemu ya mayai hayo hutoka na kinyesi. Mengine hunasa katika utumbo na kusukumwa na damu hadi kwenye ini. Kinachomdhuru mgonjwa hasa ni mayai yaliyonasa na makovu yanayotengenezwa na mwili kuyazingira. Makovu yakiongezeka katika ini, damu hukosa njia, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya umio hutanuka. Mtu anayeonekana mzima anaweza siku moja kutapika damu nyingi, na hapo ndipo ndugu zake wasikie kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na kichocho.

Mgeni huugua kwa namna nyingine. Mwili usiomjua mnyoo huweza kushtuka sana. Wiki 3 hadi 8 baada ya kuogelea mara moja tu, huanza homa, kikohozi, maumivu ya misuli na kichwa, kuhara, vipele vya mwasho, na ini au bandama kuvimba kidogo. Hali hiyo huitwa homa ya Katayama, kwa jina la eneo moja la Japani. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, dawa ya homa ya matumbo haisaidii, na kikohozi humfanya tabibu afikirie kifua kikuu. Kipimo cha kinyesi nacho kinaweza kutoka kitupu, kwa sababu minyoo bado haijakomaa na haijaanza kutaga. Hesabu ya damu ikionyesha chembe za eosinofili zimepanda sana, na mgonjwa akakumbuka kwamba mwezi uliopita alikwenda kwenye sherehe ya wanafunzi kando ya bwawa, ugonjwa umekwisha kujulikana kwa sehemu kubwa. Wenzake aliokwenda nao nao waitwe, wakiwamo wasioumwa.

Kwa mgonjwa, ushauri ni kutaja maji bila kuulizwa. Aseme ni bwawa gani, aliingia mara ngapi, na zamani kiasi gani. Hata safari ya miaka mitano iliyopita ina maana.

Umbo moja la ugonjwa huu ni adimu lakini halisubiri. Mayai yakifika katika mishipa inayozunguka uti wa mgongo, mgonjwa, mara nyingi kijana mwenye afya, hupata maumivu ya kiuno yanayoshuka miguuni, kisha miguu hulegea na mkojo hukwama. Matabibu wa Belo Horizonte ni miongoni mwa waliolieleza kwa kina. Matibabu yake hujumuisha dawa za kupunguza uvimbe za jamii ya steroidi pamoja na dawa ya kichocho, na kila siku inayopotea huongeza uwezekano wa ulemavu. Mgonjwa wa namna hiyo hupewa rufaa papo hapo.

Katika maeneo ya kichocho cha mkojo, damu mwishoni mwa kukojoa ndiyo dalili ya kawaida, na kwa wavulana wa baadhi ya vijiji ilizoeleka hata kuonekana kama hatua ya kukua. Kwa wanawake, mayai hunasa pia katika shingo ya kizazi na uke, yakaleta uchafu, damu baada ya tendo la ndoa, maumivu na wakati mwingine ugumba. Wengi wao hutibiwa mara kwa mara kwa ugonjwa wa zinaa wasiokuwa nao, na ndoa huingia mashaka kwa kosa ambalo hakuna aliyelitenda. Mwanamke mwenye dalili hizo aliyekulia kando ya lambo anastahili kuulizwa juu ya lambo hilo kabla ya kuulizwa juu ya mume.

Kipimo kilichotoka mji uleule

Mtaalamu wa maabara wa kituo cha afya kando ya Ziwa Viktoria anayepima kinyesi kwa kichocho hutumia, karibu kila siku, kitu kilichotoka Belo Horizonte. Njia ya kutumia selofani iliyolowekwa katika gliserini ilielezwa na Mjapani Kato mwaka 1954, mwaka uleule tuta la Pampulha lilipovunjika. Mwaka 1972 Naftale Katz na wenzake, wakiwa katika kituo cha utafiti cha jiji hilo, waliiboresha kwa kuongeza kibao chenye tundu la ukubwa maalumu, na ndipo njia hiyo ikaitwa Kato-Katz. Kinyesi huchujwa kwa wavu, hujazwa katika tundu, huhamishiwa kwenye slaidi na kufunikwa kwa selofani. Tundu linalotumika sana huchukua miligramu 41.7. Mayai yanayohesabiwa huzidishwa kwa 24, na jawabu ni idadi ya mayai katika gramu moja ya kinyesi.

Mfano mfupi unatosha. Mayai 3 katika slaidi ni 72 kwa gramu, nayo ni maambukizi mepesi. Kuanzia 100 hadi 399 huhesabiwa ya wastani, na 400 kwenda juu ni makali. Slaidi yenye mayai 17, yaani 408 kwa gramu, imekwisha kuvuka mpaka huo.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba ni rahisi na hakidai umeme mwingi wala mashine. Udhaifu wake ni kwamba slaidi moja ni punje ya kinyesi cha siku moja, na mayai hayatoki kwa usawa. Mgonjwa mwenye minyoo wachache, kama mgeni aliyeogelea mara moja, anaweza kukosa kuonekana. Inafaa kuandaa slaidi mbili, na ikiwezekana kurudia sampuli ya siku nyingine. Mayai ya safura hufifia haraka katika gliserini, hivyo slaidi isomwe mara ya kwanza ndani ya saa moja. Kwa mkojo, sampuli bora hutolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi zaidi.

Dawa na wakati wake

Prazikwanteli hutolewa kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa mara moja, na humezwa baada ya kula. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600. Kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo huweza kutokea na kupita ndani ya saa chache. Mwenye minyoo wengi huyasikia zaidi, na hiyo si sababu ya kuikimbia dawa. Mwenye historia ya kifafa kisichoeleweka, hasa katika maeneo yenye tegu wa nguruwe, aonwe na daktari kwanza. Wanaonyonyesha wanaweza kutibiwa, na pia wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linapendekeza kingatiba kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka 2 katika jamii ambamo maambukizi yamefika asilimia 10 au zaidi, badala ya kuishia kwa watoto wa shule kama ilivyokuwa desturi.

Dawa hii huua minyoo waliokomaa. Wachanga huwapita. Anayemeza vidonge wiki moja baada ya kuogelea, akidhani amejikinga, anaweza kuugua baadaye, na ndiyo maana aliyetibiwa mapema hurudia dozi baada ya wiki kadhaa. Dawa pia haimwekei mtu kinga. Akirudi majini kesho, huambukizwa upya. Mgonjwa aliyeambiwa hivyo mapema hatasema dawa za serikali hazifanyi kazi.

Kulitunza bwawa

Kazi ya kwanza ni choo, na choo kiwe upande ambao mvua haioshi kuelekea majini. Mahali pa starehe panapopokea watu 200 Jumapili pakiwa na vyoo viwili vilivyofungwa kwa kufuli, kila mtu anajua wageni huenda wapi. Kazi ya pili ni ukingo: kufyeka mimea ya majini katika sehemu zinazotumika, kujenga gati la mbao linalowapeleka watu mbali na matope, na kuweka mahali pa kufulia pasipomlazimu mtu kusimama ndani ya maji. Mifugo wanyweshwe kwenye birika chini ya tuta, jambo linalolinda tuta lenyewe pia.

Kumwaga dawa ya kuua konokono ni shughuli ya wataalamu, kwa kuwa dawa hiyo huua samaki, na konokono hurudi pasipofuatiliwa. Kuleta konokono wa aina nyingine ili washindane na wale wa kichocho nako kumechunguzwa nchini Brazil, Pampulha ikiwamo, lakini mwanakijiji hapaswi kukijaribu kwa ndoo.

Pampulha ya leo ina taabu nyingine zaidi. Jiji lilikua likalizunguka ziwa, majitaka yakaingia kupitia vijito, matope yakapunguza kina, na maji hugeuka ya kijani kwa mwani wenye sumu wakati wa joto. Kapibara, mnyama mkubwa wa jamii ya panya, walikaa kandokando wakiwa na kupe wanaoweza kueneza homa ya vipele ya Brazil, ugonjwa unaoua usipotibiwa mapema. Jiji likalazimika kuwafunga uzazi kapibara hao na kuwatibu kupe. Kuogelea kumepigwa marufuku. Watu bado huja: hutembea, huendesha baiskeli, hulitazama kanisa la Niemeyer, na kila mwaka hushindana katika mbio za takriban kilomita 18 kulizunguka ziwa lote, ambazo wakimbiaji kutoka Kenya wamewahi kuzishinda bila kulowesha miguu.